Tuhesabu Wanaocheza, Si Wanaotazama Peke Yao

Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya masheha (viongozi wa shehia, eneo dogo kabisa la utawala), maofisa wa utamaduni na michezo wa wilaya, walimu wa skuli na viongozi wa klabu na vikundi vya ngoma.

Assalamu alaykum.

Waheshimiwa masheha, walimu, viongozi wa klabu, mama zangu wa vikundi, wazee wangu wa ngoma za msewe na kirumbizi, ndugu zangu nyote. Nimeombwa nizungumze namna takwimu zinavyoweza kuisaidia sera ya utamaduni na michezo katika wilaya zetu. Nitaanza na takwimu tulizonazo, kwa sababu si kweli kwamba Zanzibar haihesabu. Inahesabu, tena kwa bidii.

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa idadi ya wageni walioingia nchini, kwa nchi walizotoka. Mwaka 2024 jumla yao ilikuwa 736,755. Sensa ya 2022 imetwambia sisi wenyewe ni 1,889,773, na kati yetu 543,441 tuko hapa Pemba. Tunajua kwamba uwanja wa Amaan, uliofunguliwa upya Disemba 2023, unachukua watu 15,000. Na karafuu zetu, kila mmoja wenu hapa anajua: huwezi kuzifikisha kituoni zikapokewa kwa kukisia. Zinapimwa, zinapangiwa daraja, na mkulima anaondoka na stakabadhi yake mkononi.

Sasa nawauliza nyinyi. Katika shehia yako, wasichana wa umri wa skuli wanaocheza mchezo wowote baada ya masomo ni wangapi? Wachezaji wa msewe waliobaki ni wangapi, na mdogo wao ana umri gani? Kijana asiyeona, au mwenye mguu mbovu, anacheza nini na wapi? Kiwanja ulichochezea wewe ukiwa mtoto kipo, au leo kina nyumba?

Tazameni vizuri hizo takwimu za mwanzo. Mgeni, kiti, tiketi: zote zinamhesabu anayetazama. Anayecheza hayumo. Na fedha, ndugu zangu, hufuata namba. Ofisa akikaa kupanga makadirio na mbele yake ana jadweli la watalii na jadweli la viti, atapanga kwa ajili ya watalii na viti. Si kwa sababu ana roho mbaya. Ni kwa sababu msichana wa Micheweni hayumo katika karatasi iliyo mezani kwake. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukalishika neno hilo dukani na shambani, lakini kiwanjani na ngomani hatukulifikisha, kana kwamba huko hakuna mali.

Nikuelezeni jambo nililoliona kwa macho yangu.

Katika shehia moja ya kaskazini mwa Pemba yalikuwepo maombi ya kujengewa uwanja wa saruji wa mpira wa pete. Barua imeandikwa vizuri, imepigwa muhuri, na sababu iliyotolewa ni kwamba wasichana hawachezi kwa kuwa hawana uwanja. Tukasema, kabla hatujamwaga saruji, twende tukakae pale tutazame. Vijana wawili wa kidato cha nne, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wakapewa daftari na saa. Kazi yao ilikuwa moja: kila nusu saa, kuanzia saa tisa mpaka karibu na magharibi, waandike nani yupo kiwanjani. Mvulana au msichana, mkubwa au mdogo, anacheza au anatazama.

Saa tisa na nusu pale patupu, jua linachoma. Saa kumi na nusu, watu wameshasali alasiri, wavulana wamejaa, timu zinapokezana, inayofungwa inatoka. Na wasichana? Walikuwepo! Wamekaa juu ya gogo la mnazi ukingoni, mikoba ya chuo cha Kurani imelazwa chini, wanatazama na kushangilia. Ilipokaribia saa kumi na moja wakainuka karibu wote kwa pamoja, hawa chuoni, hawa bombani na ndoo zao, kwa sababu maji huko hufunguliwa jioni. Kwa hivyo ile saa moja ambayo jua limepoa na kiwanja ni kizuri, ndiyo hasa saa ambayo msichana hanayo.

Tulipowauliza wenyewe, wakiwa na mwalimu wa kike tu, bila ya wazazi na bila ya sheha, hakuna aliyeanza na saruji. Walisema kiwanja kimetazamana na baraza ya wanaume na njia ya gari, nao wanaona haya kukimbia mbele ya macho yote yale. Wakasema Alhamisi chuo kimefungwa, basi wangepewa Alhamisi jioni iwe yao. Wakataka uzio wa makuti. Uzio wa makuti na siku moja katika wiki! Wavulana walinung'unika kidogo, kisha wakakubali, na wengine ndio waliokuja kusaidia kusimamisha nguzo. Daftari la wiki zilizofuata lilikuwa na kitu ambacho la mwanzo halikuwa nacho: majina ya kike katika safu ya wanaocheza.

Lile daftari lisingekuwepo, tungemwaga saruji, tungekata utepe, tungepiga picha. Na jioni yake wavulana wangecheza juu ya sakafu mpya, na wasichana wangekaa kwenye gogo lile lile.

Ushahidi ninaouzungumzia ndio huu. Si lazima uwe na kompyuta. Unahitaji swali lililo wazi, mtu mwaminifu wa kuandika, na subira ya kuuliza kwa nini kabla ya kutoa jawabu.

Nije kwenye ngoma. Mzee mmoja, kiongozi wa kikundi, aliniambia kwamba wao mambo ya takwimu hawana. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari la jalada gumu, kurasa zimegeuka rangi kwa unyevu. Mlikuwa na nini humo? Majina ya wanachama na michango yao. Kila mwaliko: harusi ya nani, kijiji gani, walilipwa kiasi gani, nauli ya gari kiasi gani, ngoma ipi ilipasuka ngozi. Nani alihudhuria mazoezi na nani aliomba udhuru. Na pembeni ya majina mengine, kwa wino mwekundu, herufi moja: M. Marehemu.

Nilikaa naye ukumbini tukalifungua ukurasa kwa ukurasa, na daftari likasema mambo mawili ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyajua moyoni lakini hajawahi kuyaona yamekaa pamoja. La kwanza, kurasa za nyuma mialiko mingi ni ya harusi na sherehe za vijijini, na kurasa za karibuni mingi ni ya hafla za viongozi na hoteli. La pili, M zinazidi, na majina mapya hayaingii. Kikundi kina kazi nyingi kuliko zamani, na hakina mwanafunzi.

Naomba hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganyika. Tukiandika katika ripoti kwamba kikundi hiki kimefanya maonesho mengi kuliko mwaka jana, namba ni ya kweli na picha ni ya uongo. Maonesho yanaweza kupanda huku ngoma inakufa. Hotelini wanataka dakika kumi, na dakika kumi hazimfundishi mtoto kitu. Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, msingi wake ni kurithishana, kizazi mpaka kizazi. Basi kipimo chetu kiwe hicho. Ukienda kwa kikundi cha msewe, usianze kuuliza wamecheza mara ngapi. Uliza nani anafundishwa sasa hivi, na nani bado anajua kuitengeneza ile misewe ya kufunga miguuni. Ukienda kwa watu wa ngoma ya kibati, uliza nani kati ya vijana anaweza kujibizana papo kwa papo bila ya kusoma kwenye simu. Kama jawabu ni hakuna, hiyo ndiyo takwimu nzito kuliko zote, na ni sifuri.

Na mchezo wa ng'ombe, Chwale na Kengeja na kwengineko, una watu wake na ujuzi wake: wafunga kamba, wapiga zumari, wanawake wenye nyimbo zao. Wageni wanaupenda kuupiga picha. Sisi tuwaandike wanaoujua.

Wako waliotutangulia katika kazi hii, na inafaa tujifunze kwao kwa kuchagua. Uingereza walianza mwaka 2005 uchunguzi wa kaya ulioitwa Taking Part, wakiwauliza watu kama katika miezi 12 iliyopita wamecheza michezo, wamekwenda maktaba, makumbusho, au wameshiriki sanaa. Wakati huo huo wakaanzisha uchunguzi mwengine wa michezo peke yake, mkubwa kiasi kwamba kila halmashauri iliweza kuona namba zake na kujipima na jirani yake. Nguvu ya kazi ile ilikuwa katika kuuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale, mwaka baada ya mwaka. Na moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba mtu aliyeshirikishwa utotoni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kushiriki akiwa mtu mzima. Walimu wa skuli mliopo hapa, hilo ni lenu. Kipindi cha michezo mnachokifuta ili kulipia somo jengine kina hasara ambayo itaonekana miaka ishirini ijayo.

Lakini maswali yao tusiyachukue kama yalivyo. Mwulize mama wa Kengeja kama amehudhuria onesho la sanaa katika miezi 12 iliyopita, atakwambia hapana, naye anasema kweli. Mama huyo huyo ametoka harusini juzi, ameimba mpaka sauti imekauka, na anazo kifuani beti ambazo hazijaandikwa popote. Karatasi yako itamwandika kuwa hana ushiriki wa utamaduni. Na ukiweka maulidi katika safu ya burudani utamuudhi, na ana haki ya kuudhika. Bao linachezwa barazani kila siku, tena na mafundi, lakini hakuna anayelitaja akiulizwa kuhusu michezo. Uogeleaji wa watoto wa pwani, resi za ngalawa, nage, mdako, kote huko mtu hujibu "hatuchezi michezo, tunacheza tu". Swali likiwa la kigeni, jawabu linapotea. UNESCO walitoa mwaka 2019 viashiria 22 vya utamaduni katika maendeleo. Ni kazi nzuri kwa nchi na miji. Shehia haiwezi kuvibeba 22, wala haihitaji. Inahitaji maswali machache, ya kwake, kwa Kiswahili cha kwake.

Viwanja. Hapa tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na kwa msaada wa Benki ya Dunia, walivipiga picha visiwa vyetu kwa droni, na waliozirusha ni vijana wetu. Picha zile ni safi kiasi kwamba unauona mnazi mmoja mmoja. Viwanja vinaonekana: ile ngozi ya ardhi iliyopauka kati ya migomba, na magoli yake ya miti. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa Zanzibar waliongezeka kwa 586,204. Watu hao wanahitaji nyumba, hilo halina ubishi, na nyumba humega kiwanja upande mmoja mwaka huu, upande mwengine mwakani. Sheha akae na picha ile na wazee watatu, aweke alama kila kiwanja kilichokuwepo, kisha atembee kwa miguu aone kilichobaki. Hiyo ni kazi ya siku chache tu, na siku kiwanja kinapogombaniwa atakuwa na karatasi ya kuweka mezani badala ya kumbukumbu za wazee peke yake.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa hapa Chake Chake, uwanja wa Gombani, na likawa la timu za taifa. Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali, na furaha ya usiku ule mnaijua wenyewe, sihitaji kuwasimulia. Mlangoni tiketi huhesabiwa. Nje ya mlango je? Mama wa urojo, vijana wa juisi ya miwa na mishikaki, gari zilizotoka Wete na Mkoani, nyumba zilizolaza wageni. Mashindano kama yale yakirudi Pemba, nataka wanafunzi wenye karatasi nje ya uwanja: umeuza nini, umeuza zaidi ya siku ya kawaida, umetoka shehia gani. Kwa sababu siku tutakapoiomba Serikali ilete mashindano makubwa huku, hoja ya kwamba na sisi Pemba tunastahili ni ya haki, lakini hoja ya kwamba fedha ilimfikia mama fulani wa shehia fulani, hiyo hairudishwi nyuma kirahisi. Kule Fumba, alikozaliwa Siti binti Saad, ndiko kulikopangwa uwanja mkubwa kwa ajili ya AFCON ya 2027. Nafurahi kwa moyo wangu wote. Ila naomba, katika kila mkutano wa kuuzungumzia uwanja ule, awepo mtu mmoja wa kuuliza watoto wa Fumba wenyewe watacheza wapi, na taarab aliyoiimba binti wa Fumba anafundishwa nani.

Sasa niseme ukweli wa upande wa pili, nisije nikawauzia takwimu kama dawa ya kila maradhi. Beit al Ajaib, jengo la kihistoria la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, lilikuwa na nyufa zinazojulikana. Lilishafungwa kwa watazamaji miaka kadhaa nyuma kwa sababu ya hali yake, na wataalamu walishaandika. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ikaanguka, na watu wawili wakafa. Hakukuwa na upungufu wa taarifa. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na likajulikana duniani kote, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, ijapokuwa kila mtu aliujua umuhimu wake. Ushahidi haujiendeshi wenyewe. Unahitaji mtu wa kuubeba mpaka kwenye meza ya maamuzi, na kuurudisha tena mezani ukiondolewa.

Unahitaji pia adabu. Tunapohesabu watoto, tuandike umri na jinsia, tusiandike majina. Msichana aliyesema anaona haya kucheza mbele ya baraza asije akasomwa barazani. Na kila namba tutakayoichukua kwa watu irudi kwa watu: ibandikwe skulini, isomwe kwenye mkutano wa shehia, wazee waipinge kama wanaona haikukaa sawa. Nimeona watafiti wakija, wakijaza fomu, wakipanda boti, na waliohojiwa wasisikie neno tena. Mara ya pili mtu akija, watu humjibu lolote ili aondoke, na hapo takwimu inaharibika kutoka shinani.

Baada ya mazungumzo haya, mezani pale pana madaftari, moja kwa kila shehia. Yamepigwa mistari kwa mkono na wanafunzi wa kidato cha nne. Kurasa za mwanzo ni za viwanja: jina, ukubwa, nani anakitumia saa ngapi, kimemegwa au hakijamegwa. Kurasa za kati ni za vikundi na klabu, na kila kikundi kina nafasi ya wanaofundisha na nafasi ya wanaofundishwa, mbalimbali. Za mwisho ni za kuhesabu kila nusu saa, kwa wiki mbili: moja ya kaskazi, na moja ya masika, kwa sababu masika kiwanja kinajaa maji na watu wanacheza pengine, na hapo pengine ndipo tusipopajua.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na makadirio ya halmashauri hupangwa miezi kadhaa kabla. Kwa hivyo kurasa za viwanja na vikundi zifike kwa ofisa wa utamaduni na michezo wa wilaya kabla ya mwisho wa Januari. Za masika zitafuata kwa ajili ya mwaka wa baadaye. Sheha asiye na mtu wa kuandika anione mimi au mwalimu wa karibu yake, tutampatia wanafunzi wawili, wa kike na wa kiume, na ningependa wa kike awepo kila mahali, maana yeye ndiye ataambiwa yale ambayo mimi na nyinyi hatutaambiwa.

Nimemaliza. Naona mzee wa kikundi kule nyuma ameshanyanyua mkono. Mpeni kipaza sauti yeye kwanza.